GR Yaris kwa barabara za Mbeya: ni gari au ni Vitz ya bei mbaya?

mtoto_wa_uyole
Habari za jioni wakuu, poleni na baridi maana huku Uyole leo hata kuku wamegoma kutoka bandani.

Nisiwachoshe. Mwaka huu parachichi zimenikubali na IST yangu ya cc 1290 nimeichoka, gari nzuri, haijawahi kunilaza njiani hata siku moja, ila nikipanda Mlima Nyoka na watu wanne ndani nakanyaga mpaka mguu unagusa kapeti na bado lori la Kongo linanisukuma kwa nyuma. Sasa kuna kitu kimenikaa kichwani miaka na miaka, Toyota GR Yaris. Kuna muuzaji mmoja Dar kaweka picha za moja ya 2021, nyeupe, oto, iko melini inakuja, na bei wala sio ile ya kutisha niliyokuwa nasikia, yaani nimepiga hesabu mara tatu nikahisi Mungu ananiita.

Matumizi yangu ni Uyole mjini kila siku, Tukuyu wikiendi kuangalia shamba (lami halafu kama kilomita tatu za tope, wa Rungwe mnaijua tope ya kule), na Iringa kwa wakwe kila mwezi. Je inafaa au nakwenda kujitia kitanzi? Mke wangu kaiangalia picha akasema "si Vitz hii, imevimba tu." Nimeshindwa kumjibu.

Kitonga_Kila_Siku
Mkeo ana akili msikilize. Kwa hela hiyo chukua Harrier ukae juu, uheshimike hata ukienda msibani. Mwanaume mzima unatoka kwenye Vitz umejikunja kama panzi.

RunxZ_Iringa
Kamwene wote. Huyo wa Harrier mwacheni, kuna watu gari kwao ni kochi lenye matairi.

Mkuu mwambie shemeji hivi, Yaris, ambalo ndilo jina jipya la Vitz, hapo ni jina tu. Toyota walipoitoa Januari 2020 pale Tokyo walikuwa wanataka gari la kuwabeba kwenye mashindano ya dunia ya rally, kwa hiyo wakachukua sehemu ya mbele ya Yaris, ya nyuma wakaitoa kwenye familia ya Corolla, bodi ikawa ya milango mitatu, boneti na milango aluminiamu, paa kaboni. Ukiiweka pembeni ya Yaris ya kawaida vitu wanavyochangia ni taa, vioo vya pembeni na lile pezi la papa la antena, basi. Injini ni G16E, silinda tatu, cc 1618, tabo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), farasi 272 kwa ile ya Japani, na uzito wake ni kilo 1280 hivi. Inavuta tairi zote nne na kuna kitufe cha kuchagua nguvu nyingi iende nyuma au igawanywe nusu kwa nusu. Kutoka sifuri mpaka 100 ni sekunde 5.5, hapo Kitonga na Harrier yake bado anatafuta mkanda.

Halafu kuna kitu watu wa Dar hawakielewi kwa sababu wao wako usawa wa bahari. Sisi huku tunaishi juu, Mbeya ni kama mita 1700, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inakosa pumzi karibu asilimia 10 kwa kila mita elfu unazopanda. Mimi nina Runx Z, ile yenye injini ya 2ZZ ya farasi 190 na gia sita, naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, lakini naijua, hizo 190 ni za kwenye karatasi, Iringa zinabaki kama 160, na hizo 160 zenyewe uzipate mpaka uipandishe mizunguko ipite 6000 ndio inaamka na kupiga kelele. Sasa IST yako ina farasi 87, toa hesabu mwenyewe, ndio maana lori linakusukuma. Tabo hewa nyepesi inaikandamiza na kuilisha injini, kwa hiyo hasara ni ndogo sana, na nguvu ya kuvuta ya ile mashine unaipata yote kuanzia mizunguko 3000. Ukiwa nyuma ya lori Mlima Nyoka huhitaji kuomba dua, unaingia gia ya tatu unapita unarudi zako kwenye mstari.

Na mvua za Tukuyu zile, tairi nne kuvuta sio anasa.

Kitonga_Kila_Siku
Sawa profesa. Kwa hiyo ndio hii hii iliyokuwa inashinda Safari Rally hapo Naivasha? Nikinunua na mimi naingia mashindanoni 😂

RunxZ_Iringa
Hapana, pale usidanganywe. Zile za Naivasha ni Rally1, daraja la juu la mashindano, zimeanza 2022, mifupa ya mabomba na mpaka 2024 zilikuwa na mfumo wa haibridi, zimevalishwa tu sura ya GR Yaris. Lakini ukoo ni ule ule na walivyofanya 2022 na 2023 kila mtu aliona, Toyota nafasi nne za kwanza, miaka miwili mfululizo. Kwa barabara zile za mawe na vumbi la fesh-fesh. Mimi nilikuwa naangalia kwenye simu huku mboga inaungua.

Fundi_Soweto
Nawasoma tu wakuu. Mimi ni fundi, nipo Soweto hapa Mbeya, siuzi gari wala sina kampuni, naongea ninayoyaona kila siku chini ya magari.

Kwanza oili. Ile injini inataka 0W-20, nyepesi kama maji. Huku kwetu dereva akiiona anasema mbona hii oili imechakachuliwa, anaweka 20W-50 ya dumu kwa sababu baba yake aliweka kwenye Hilux ikadumu miaka ishirini. Kwenye tabo ndogo inayozunguka kasi vile ukiwasha asubuhi ya Uyole ya nyuzi tano, oili nzito inachelewa kufika, na kila asubuhi inakula kidogo kidogo. Hautaona leo. Utaona moshi mwakani halafu utasema Toyota siku hizi hamna kitu.

Pili mafuta. Injini inanyunyizia petroli kwa presha kubwa moja kwa moja ndani ya silinda, pampu na nozeli zake hazitaki utani. Petroli ya kwenye chupa za maji barabarani usiiguse hata kama umebakiza kilomita moja ufike sheli. Japani wanaiwekea petroli ile ya daraja la juu, wewe huku tafuta sheli moja yenye mzunguko mkubwa, ambayo mafuta hayalali, uwe mteja wao.

Tatu na hili ndio linaniuma. Ile milango ni aluminiamu. Bajaji ikikukwaruza pale Kabwe saa kumi na mbili jioni, na itakukwaruza, fundi bodi wetu na nyundo yake na puti hawezi kuinyoosha kama anavyonyoosha Noah. Aluminiamu ukiigonga kishamba inapasuka au inatanuka haikai tena. Na mlango wa Yaris ya kawaida hauingii, jamaa kasema hapo juu. Unaagiza Japani, unasubiri, unatembea na mlango umebonyea kama kopo.

Tairi ni 225/40 rimu 18. Hiyo kilomita tatu ya tope na mawe ya shambani, mimi naogopa kwa niaba yako.

Sisemi usinunue. Ni mashine nzuri mno kimfumo, nikiipata moja chini ya mikono yangu siku hiyo sili. Ila nunua na hela ya spea ikiwa pembeni, usinunue na hela ya mwisho.

mama_gia_tano
Jamani mmeongea injini mpaka mmesahau binadamu. Kaka kasema anapanda mlima na watu WANNE. Hiyo gari ina milango miwili na wa nyuma wa buti. Siti za nyuma ni mbili, paa limeinamishwa kwa nyuma, buti ni lita 174 kwa sababu hata betri wameipeleka kule. Sasa siku unampeleka mama mkwe hospitali Iringa anapita wapi? Unakunja siti ya mbele, unamsukuma na kitenge chake, anaingia kichwa kwanza? Ndoa itavunjika kwa ajili ya tabo.

Mimi nipo Mafinga, naendesha Suzuki Swift Sport ZC33, gia sita manyuo. Injini cc 1400 tabo, farasi 140 tu, najua mtanicheka, lakini gari lina kilo 970! Ni jepesi mpaka mvua na upepo wa Changarawe unalisikia. Milango mitano. Mafuta naweka nasahau. Haivuti tairi nne, kweli, na kwenye tope unaenda kwa adabu, ila shokapu na tairi zake hazijanifilisi, na watu hawaigeukii barabarani, nami ndivyo ninavyotaka.

Na nyie wanaume niwaulize, hizo sekunde 5.5 mnazipeleka wapi? Kutoka Uyole mpaka Makambako ni kijiji, 50, tuta, kijiji, 50, tuta, Igurusi, Chimala, kote tochi imekaa kwenye kivuli inawasubiri. Raha ya gari dogo lenye tabo ni kwenye kutoka kwenye tuta na kupita lori, na hapo farasi 140 kwa kilo 970 zinatosha na chenji inabaki.

RunxZ_Iringa
Dada umenipiga pale pa mama mkwe sina jibu 😂 Ila atakayetaka milango mitano na injini ile ile ipo GR Corolla, bei ndio utalia na kusaga meno.

mzee_wa_minada
Samahanini nimechelewa, nimesoma kuanzia juu, na naona wote mmepita kama hamjaona. Mwenye mada amesema gari ni ya 2021 na ni oto.

Mkuu, GR Yaris ya tabo mwaka 2021 haikuwa na oto. Ilikuwa manyuo gia sita peke yake. Oto ya gia nane wameileta kwenye toleo la 2024, lile lililopandishwa mpaka farasi 304. Kwa hiyo 2021 ukiona pedali mbili ujue ni kitu kimoja tu, ni GR Yaris RS. Ile ni bodi ile ile pana, milango mitatu ile ile, nembo ya GR ile ile, lakini chini ya boneti kuna 1.5 ya kawaida isiyo na tabo, farasi 120, gia boksi CVT (oto ya mkanda isiyo na gia za hatua), inavuta tairi za mbele tu. Waliitengeneza kwa wanaotaka sura bila gharama. Mwaka 2020 Japani mpya ilikuwa yen 2,650,000 wakati RZ, yaani ile yenyewe ya tabo, ilianzia 3,960,000 na ile yenye difu za Torsen (zinazozuia tairi moja kuzunguka bure) mbele na nyuma ilikuwa 4,560,000. Ndio maana bei haikukutisha.

Sisemi muuzaji ni tapeli, labda na yeye hajui, wengi wanaandika "GR Yaris" wanaacha herufi mbili za mwisho. Muombe picha ya namba ya chesisi. Ikianza na GXPA16 ni yenyewe, cheza ngoma. Ikianza na MXPA12 ni RS.

Halafu kabla hujatuma hata shilingi ingia kwenye kikokotoo cha TRA uone ushuru wake. Uzuri wa gari la miaka hii huna ile ya uchakavu, maana kodi ya ziada inaanza gari likifikisha miaka minane, likizidi kumi ni asilimia 30. Wa Runx anajua alichokifanya 😅

RunxZ_Iringa
Usinikumbushe mzee. Yaani nimeandika aya nne za tabo na jamaa alishasema oto kwenye mstari wa sita. Naacha kusoma kwa haraka.

mtoto_wa_uyole
Wakuu nimerudi. Niliomba picha tangu juzi, jamaa akawa ananizungusha, mara meneja hayupo, mara karatasi ziko bandarini. Leo asubuhi katuma.

MXPA12.

Nimekaa kimya kama dakika kumi. Kwa hiyo nilikuwa naenda kununua IST ya milango mitatu. Nimemwonyesha mke, hajasema neno, ameenda jikoni nikamsikia anacheka na dada wa kazi.

Mzee wa minada ndaga fijo, umeniokolea shamba. Fundi nitakuja Soweto tuongee vizuri, ile ya aluminiamu imeniingia. GR ya kweli sijaifuta ila naisogeza mbele, mwanangu wa mwisho akue kwanza.

Mama gia tano, hiyo Swift inapanda kweli mlima na watu wanne au ni maneno? Jumamosi napita Mafinga nikienda Iringa.

mama_gia_tano
Pita. Nakuachia ufunguo unashuka nayo Kitonga unarudi nayo, unaona mwenyewe. Mafuta unaweka wewe, na ukikamatwa na tochi jina langu usilitaje.

Kitonga_Kila_Siku
Harrier bado ipo wakuu 🙏