Joto la Tanga na bakteria wa dampo: je, kifuniko cha udongo kinatosha?

Mtoa mada: Ndugu wanajamvi, kila dampo letu linapojadiliwa hutolewa hoja kwamba mabomba ya kunasa gesi ni anasa, kwa kuwa udongo unaofunika taka una bakteria wanaokula methani, yaani gesi itokayo kwenye taka zinazooza, nao katika joto la Pwani watafanya kazi mwaka mzima. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Wengi wao hustawi kwenye nyuzijoto 25 hadi 35, na chini ya 10 huzorota sana, ndiyo maana katika nchi za baridi uwezo wa udongo hushuka wakati wa kipupwe. Tanga hatuna baridi ya namna hiyo, hata kusi livumapo mwezi Julai.

Lakini joto halimpendelei mlaji peke yake: vijidudu vinavyozalisha methani ndani ya taka, mahali pasipo na oksijeni, navyo huchangamka kadiri joto linavyopanda. Tena wakati wa kaskazi udongo ulio wazi juani huweza kupita nyuzijoto 40, kiwango kinachowashinda walaji wengi, na jua hilohilo huukausha. Masika nayo ina balaa lake, kwani maji yakijaza matundu ya udongo, oksijeni hupenya polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani.

Mchangiaji: Kuhusu masika tuko pamoja, ila hofu ya kaskazi umeikuza. Walaji hao hukaa zaidi sentimita kadhaa chini, pale methani ipandayo inapokutana na oksijeni ishukayo, na huko makali ya jua la mchana hufika yamepungua. Kasoro ninayoiona mimi ni kifuniko chenyewe kuwa kifusi cha kubahatisha. Mkoa huu una mabaki mengi ya mkonge. Yakiozeshwa yakawa mboji, kisha yakachanganywa na udongo wa kichanga, yatahifadhi unyevu bila kuziba hewa.

Mtoa mada: Mboji naiafiki, mradi iwe imeiva, kwa sababu iliyo mbichi hunyang'anyana oksijeni na bakteria haohao tunaowategemea. Hata hivyo, hawaimudu gesi inayofoka kupitia nyufa, na taka changa ndizo zenye gesi nyingi. Kwa hiyo napendekeza mabomba yawekwe penye taka changa, na mboji iachiwe sehemu kongwe, ambako gesi imepungua hata haifai tena kuchomwa.