Uliwahi kupewa kazi ya kumjibu mwalimu kwa maandishi? Tupeane uzoefu

Mleta uzi
Habari zenu wadau. Kuna ile kazi mwalimu anaandika makala yake mwenyewe kuhusu mada ya wiki, alafu darasa zima mnatakiwa mumjibu kwa maandishi na majibu yanaingia kwenye maksi. Mimi hii kazi ilinifundisha kufikiri kuliko mitihani yote niliyofanya, ila wengi wanaichukulia poa, unakuta mtu kaandika "nakubaliana na mwalimu, ameeleza vizuri sana" basi kamaliza. Nilichokuwa nafanya nasoma mpaka nipate sentensi moja tu inayonigusa au inayonikera, nainukuu kama ilivyo, alafu nakomaa na hiyo hiyo. Ukisema ujibu makala nzima utaishia kuirudia kwa maneno yako. Nyie mlikuwa mnafanyaje?

Mdau wa 2
Kwangu shida ilikuwa woga, unampingaje mtu ambaye ndo anakupa maksi? Madam wetu aliandika kwamba simu zimeua usomaji kwa vijana. Mimi nikawa namwangalia mdogo wangu, yule mtoto anasoma hadithi ndefu kwenye simu usiku kucha, nikaandika hivyo hivyo kwamba madam hapa sikubaliani na wewe, mfano ninao nyumbani. Hakukasirika wala nini, akanijibu kwa maswali mawili tu, anasoma nini, na baada ya muda anakumbuka nini? Sikuwa na jibu ikabidi nikamuulize mwenyewe, akanisimulia hadithi nzima mpaka majina ya wahusika na nani alimsaliti nani, nikarudi nikaandika tena. Madam akaongeza aya kwenye makala yake kwamba inategemea mtu anasoma nini humo kwenye simu. Aisee ile siku nilijiona mtu. Mpaka leo nikisoma kitu cha mkubwa yeyote kichwani najiuliza mfano wangu uko wapi.

Mdau wa 3
Mimi ni mwalimu na hii kazi naipenda sana. Darasani ukiuliza swali wananyoosha mikono wale wale kila siku, na sisi walimu tuna haraka mno. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alipima muda walimu wanaosubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwa wastani ni kama sekunde 1 tu, na waliposubiri sekunde 3 au zaidi majibu yakawa marefu zaidi na wanafunzi waliokaa kimya wakapungua. Sasa fikiria ukimpa mtu usiku mzima!
Ila walimu wenzangu, ukiandika makala umeifunga kila upande watakupigia makofi tu. Mimi naishia pale ambapo na mimi bado sijaamua. Alafu sikubali waone majibu ya wenzao kabla hawajatuma ya kwao, maana wa kwanza akiandika kitu wote wanafuata njia yake, hata kama kakosea.

Mdau wa 4
Mie nilikuwa najifunza lugha ya kigeni, ticha anatuandikia barua fupi kwenye daftari, unajibu, anajibu, hivyo hivyo muhula mzima. Hakutumia kalamu nyekundu hata siku moja. Ukikosea neno, yeye kwenye jibu lake analitumia lile lile kwa usahihi, unajionea mwenyewe. Nilijua kuandika ile lugha kabla sijaweza kuiongea.

Mdau wa 5
Nyie mlibahatika. Sisi tuliambiwa yasipungue maneno mia kadhaa na mwalimu hakujibu hata mmoja wetu, tunaandika tunatuma kimyaa. Katikati ya semista watu wakaanza kukopi na kupesti kwa zamu. Mwalimu kama huna muda wa kujibu watu usiwape hii kazi jamani, inaumiza. Na maksi mnatoaje kwenye maoni ya mtu?

Mdau wa 3
@Mdau wa 5 upo sahihi, darasa likiwa kubwa siwezi kujibu wote kila wiki kwa hiyo nakwenda kwa makundi, wiki hii hawa wiki ijayo wale, na wanajua zamu yao. Kuhusu maksi, siangalii kama umenikubali au umenipinga, naangalia kama umeshika kitu nilichoandika kweli na umeleta cha kwako. Mwanafunzi aliyepata nyingi kuliko wote muhula uliopita alinipinga mwanzo mwisho, na bado sijakubaliana nae.