Rangi ya jino: msomo wa kifaa uwe neno la mwisho?

Mleta mada (daktari wa meno): Wanataaluma wenzangu, kila krauni (kofia bandia ya kufunika jino) ya jino la mbele inapokataliwa kwa sababu ya rangi, kliniki na maabara hutupiana lawama. Napendekeza msomo wa spektrofotometa, kifaa kinachopima rangi kwa nuru, ndio uamue nani alikosea, kwa kuwa jicho huchoka, taa za chumba hudanganya, na wapo wanaume wasiotofautisha rangi vizuri bila wenyewe kujua.

Fundi sanifu wa maabara: Daktari, kwa heshima zote, napinga. Makosa mengi hutokea kabla kifaa hakijabonyezwa. Jino lililokaa wazi wakati wa kusagwa hukauka na kuwa jeupe kuliko lilivyo, na huweza kuchukua zaidi ya nusu saa kurudia hali yake hata likishaloana mate. Ukilipima wakati huo, kifaa kitakusomea kwa usahihi kabisa rangi isiyo ya mgonjwa. Tena enameli, tabaka gumu la nje la jino, hupenywa na nuru, hivyo sehemu ya nuru ya kifaa husambaa ndani ya jino na kutokea pembeni, mahali ambapo kipokezi hakifiki, na jino likasomeka kuwa na giza kuliko kawaida. Ncha ya kifaa ni bapa ilhali jino limejipinda, kwa hiyo ikiinama kidogo tu namba hubadilika.

Hata msomo ukiwa safi, maabara huletewa "A2" tupu, yaani kipande kilichokaribia zaidi kati ya 16 vya VITA Classical, seti ya vipande vya kulinganishia rangi za meno, si rangi ya jino lenyewe. Na kwa wagonjwa waliokulia sehemu za Arusha au Nakuru zenye maji ya floraidi nyingi, jino moja lina mabaka meupe na ya kahawia. Wastani wa mabaka hayo ni rangi isiyokuwepo popote kwenye jino.

Mleta mada: La mabaka nakubali, hapo picha yenye kipande cha rangi kando ya jino ni lazima. Lakini mengine uliyotaja ni makosa ya mkono wa mpimaji. Tupime kabla ya sindano na kusaga, mara tatu, sehemu ileile, kifaa kikiwa kimesawazishwa.

Fundi sanifu wa maabara: Sawa, Daktari. Ila unene wa kauri na rangi ya kisiki (sehemu ya jino iliyobaki baada ya kusagwa) kilicho chini yake pia hubadilisha matokeo, na kisiki hicho mimi sikioni. Msomo ukiwa sahihi na krauni bado ikakataliwa, gharama ya kutengeneza ya pili ataibeba nani?