Naomba ushauri: AutoCAD kamili, AutoCAD LT, au programu ya bure?

Habari zenu wakuu. Niko Mwanga, Kigoma, nachora ramani za nyumba na nataka kutumia programu halali. Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD (programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta), waliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016. Sasa unalipia kwa mwezi au mwaka. Wateja wangu wa Ujiji na Kibirizi wanalipa kwa mafungu, kwa hiyo inauma.

Mwenzangu anasema nakala za kuchakachua ndizo zinapandisha bei. Nimelifikiria sana, sikubaliani naye moja kwa moja. Wanunuzi wa programu za fani ni wachache, na gharama ya kuzitengeneza inagawanywa kwa hao hao. Bei pia hupangwa kwa kuangalia kampuni kubwa ina uwezo gani, siyo mchoraji wa Kigoma. Na wengi wanaochukua ya wizi wasingeinunua kamwe. Anayeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni mtengenezaji wa programu ya bei nafuu: nani atamlipa kidogo wakati ile ghali inapatikana bure kwenye flashi? Hilo linanisikitisha kweli.

Sasa naombeni msaada. Michoro yangu mingi ni ya 2D (michoro bapa), je, AutoCAD LT, lile toleo lao la bei nafuu zaidi, inatosha? LibreCAD ni ya bure, lakini inahifadhi mafaili ya aina ya DXF, na wahandisi ninaofanya nao kazi wanataka DWG, aina ya faili la AutoCAD yenyewe. Aliyepita njia hii alifanyaje? Na malipo ya dola mnayalipaje mkiwa mikoani?