Kaunta buku za mvua za marehemu baba, Kimara 1986–2017: nianzie wapi?

BintiWaKimara:
Wakuu, habari za leo.

Baba alifariki mwaka jana. Kwenye vitu vyake tumekuta kaunta buku nne zenye mvua ya kila siku ya hapa nyumbani Kimara, Dar es Salaam, kuanzia Machi 1986 hadi Aprili 2017. Alikuwa na kipima mvua juu ya nguzo nyuma ya jiko. Kila asubuhi saa moja, kabla hajadandia daladala, anasoma, anamwaga, anaandika. Siku kavu aliweka sifuri, siku alizosafiri aliacha kistari. Kwenye mafuriko ya Desemba 2011 mwandiko umeharakishwa, na pembeni kaandika "Jangwani wamezama".

Nimeanza kuziingiza kwenye kompyuta. Nikijumlisha kwa mwezi, masika ya zamani na ya karibuni hayapishani sana. Mama anashikilia kwamba mvua siku hizi inakuja kwa mkupuo, kisha inakata. Nimwamini nani, mama au jumla zangu?

MpimaMaji:
Pole sana dada kwa kumpoteza mzee. Wote mnaweza kuwa sahihi, maana jumla ya mwezi inaficha hilo hilo analolisema mama. Milimita 120 zikinyesha siku 12, mchicha unaota. Zikinyesha siku mbili, barabara ya Jangwani inafungwa. Jumla ni ile ile.

Kwa kila masika hesabu siku zilizopata milimita 1 au zaidi, kisha gawa jumla kwa siku hizo. Chukua pia siku moja iliyonyesha kuliko zote, na mfululizo mrefu kuliko wote wa siku kavu. Fanya hivyo hivyo kwa vuli, ila ya 1997 ilikuwa ya El Niño na itakuvutia wastani juu, kwa hiyo angalia na namba ya katikati ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Na tafadhali, vistari visigeuke sifuri! Kistari maana yake hatujui.

Miaka 31 ni hazina. Wastani wa tabianchi duniani hupigwa kwa miaka 30, sasa hivi 1991–2020.

MzeeWaVipimo:
Binti yangu, nimesoma vipimo kituoni miaka mingi. Vituo vyetu husoma saa tatu asubuhi, na baba yako alisoma saa moja. Mvua ya saa mbili kwake inaangukia kesho yake. Ukilinganisha na kituo cha uwanja wa ndege, usishangae tarehe zikipishana, na Kimara ni vilimani pia. Linganisha misimu kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanapokea maombi ya takwimu, waandikie.

Lakini kabla ya yote: kipima kilikaa pale pale miaka yote? Mti ukikua juu yake, mvua "inapungua" bila anga kubadilika.

BintiWaKimara:
Shikamoo mzee. Nimemuuliza mama, anasema mwembe ulifunika ile nguzo, baba akakihamisha. Nimefungua tena daftari la tatu. Juni 2003 kuna mstari mwekundu ukurasa mzima na maneno "upande wa tangi". Nilidhani ni habari za fundi bomba.

Kumbe aliandika kila kitu. Nitazitenga namba za kabla na baada ya mstari ule. Kesho mama atanisomea, mimi naingiza.