Mjadala: Bidhaa za nje zikifunga kiwanda, serikali imlipe aliyepoteza kazi?

Mwanzilishi, Nakuru
Mwaka 2014 Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri hapa Nakuru, kilichokuwepo tangu 1967, ikaamua kuuza betri za kuagiza. Sababu ilikuwa betri rahisi na bandia zilizojaa sokoni. Kabla yake viwanda vya nguo, KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, vilizama baada ya soko kufunguliwa na mitumba kumiminika miaka ya tisini. Jibu la serikali huwa lile lile: tutafufua kiwanda. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007, ikazinduliwa upya 2019 na mitambo iliyopatikana kwa mkopo wa India. Vyema. Lakini aliyepigwa kalamu 1998 akiwa na miaka 45, siku ya uzinduzi alikuwa na 66.

Kwa hivyo mimi nasema msaada umfuate mtu, jengo baadaye. Bidhaa zinazoingia nchini hutozwa ada ya uagizaji ya asilimia 2.5 ya thamani. Kipande cha ada hiyo kitengwe, kimlipe aliyefutwa nusu ya mshahara kwa miezi kadhaa pamoja na karo ya mafunzo. Mnasemaje?

Muuza mitumba, Kibuye, Kisumu
Ndugu, hiyo ada mwishowe analipa nani? Mwagizaji huisukuma kwangu, nami naisukuma kwa mteja anayelia bei kila Jumapili. Wa kiwandani alikuwa na mshahara, NSSF na chama cha kumtetea. Mimi biashara ikilala, nani huniletea hata unga? Halafu nimchangie yeye!

Mstaafu wa chama cha wafanyakazi, Nakuru
Mama, hayo ya kutetewa yako zaidi kwenye karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inadai notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Miaka 20 ni siku 300. Inasikika tamu, ila inalipwa na mwajiri yule yule aliyeishiwa. Akija mrasimu, yaani msimamizi anayekabidhiwa kampuni iliyoshindwa na madeni, benki iliyoshika dhamana hula kwanza. Kwetu kuna wenzangu waliozikwa kwa harambee huku madai yao yakiahirishwa kortini.

Mkulima wa miwa, Matungu
Nyote mnazungumzia watu wenye kadi ya kazi. Kiwanda cha Mumias kilianza kutoa sukari 1973. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilikuwa ikiiomba COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, iiruhusu kuzuia sukari ya nje, ikaongezewa muda mara nyingi, na bado kiwanda kikaingia mikononi mwa mrasimu 2019. Sasa niambieni: kilichokiua ni sukari ya nje, au madeni na usimamizi mbovu? Mkitaka tuthibitishe ni bidhaa za nje, mawakili watanona na sisi tutabaki na miwa iliyokauka shambani. Na mkata miwa je? Dereva wa trekta? Mama wa chapati pale getini? Hakuna kati yao aliye na hati ya mshahara.

Mwanzilishi
Omwami, hapo umefika kwenye kiini. Marekani ilianzisha mpango kama huu 1962. Wafanyakazi walituma ombi, Wizara ya Leba ikachunguza kama kweli bidhaa za nje zilichangia, waliokubaliwa wakapata masomo na posho. Tangu Julai 2022 hakuna ombi jipya linaloidhinishwa, kwa kuwa Bunge lao halikuuongezea muda. Kwetu uchunguzi wa aina hiyo ungezaa madalali kabla ya kuzaa malipo. Heri tusiulize chanzo: kiwanda kikifungwa, watu walipwe.

Kijana wa jua kali, Kisumu
Mafunzo nayo msiyapambe. Waajiri hulipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na kituo chao kiko hapa hapa Kisumu. Sawa, mtu wa miaka 50 afundishwe kuchomelea. Aajiriwe wapi? Sisi tunaojua kuchomelea tunagawana mageti machache ya mtaa mzima. Mpeni pesa mkononi aamue mwenyewe, na isiwe mkopo wa simu.

Muuza mitumba, Kibuye
Mkiacha kuuliza chanzo, basi askari wa kaunti wakibomoa kibanda changu nami nitapanga foleni. Lakini sikilizeni. Mkata miwa wa Matungu na mama wa chapati wakiandikwa wa kwanza, majina yakisomwa barazani mbele ya majirani wanaowajua, hiyo ada nitailipa. Wenye kadi waanze na kifungu chao cha 40.