Mahindi yanageuka unga ndani ya gunia, naombeni ushauri

Mkulima_wa_Pili: Wakuu, habari zenu. Nilihifadhi magunia 11 ya mahindi, yote nikayatia dawa ya vumbi. Leo, miezi 2 baadaye, nimeinua gunia moja, unga ukamwagika. Punje zimetobolewa hovyo, hata mbao za chanja zina matundu. Nimeambiwa niweke vidonge vya fosfini, lakini stoo imepakana na chumba cha watoto. Nifanyeje? Hicho ndicho chakula chetu hadi mavuno yajayo.

MlinziWaGhala: Pole sana ndugu. Vidonge acha kabisa! Vikipata unyevu wa hewani hutoa gesi inayoua watu, nayo hupenya kwenye nyufa na dari. Watu wamekufa usingizini kwa namna hiyo.

Unga mwingi hivyo, na mbao kutobolewa, huyo ni dumuzi, siyo fukusi. Dawa ya pirimifosi-methili peke yake haimwezi vizuri. Anahitaji permethrini au jamii yake. Soma kibandiko cha ile uliyotumia.

Mama_Shamba: Yalikuwa yamekauka lakini? Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado yana unyevu.

Mkulima_wa_Pili: Dada, sikupima, niliyang'ata tu. Na magunia ni ya msimu uliopita.

Mama_Shamba: Basi huenda wadudu walikuwa humo tangu mwanzo. Pepeta yote, anika tena mpaka chumvi isinate. Ule unga usiwape kuku, una dawa, ufukie mbali. Kisha tumia mifuko isiyopitisha hewa: kamua hewa, funga mfuko wa ndani, halafu wa pili, halafu gunia la nje. Wadudu wakimaliza oksijeni wanakufa, huhitaji dawa tena. Ila usifungie mahindi yenye unyevu, utapata ukungu na sumukuvu. Na la kula litenge, usifungue kila mfuko.

MlinziWaGhala: Zile mbao pia zitoe, dumuzi hujificha humo akisubiri mavuno.

Mkulima_wa_Pili: Asanteni mno. Magunia 4 ndiyo yana unga, nianze nayo. Yale 7 yanaonekana mazima, niyaache?

Mama_Shamba: Hapana kaka, yashughulikie yote. Punje nzima kwa nje inaweza kuwa na funza ndani.